Kumjibu Mtani wa Baba

Baba yangu, Zéphirin, alipofariki nilikuwa katika shule ya ualimu ya masista huko Kasongo. Nilifika nyumbani, karibu na Lusangi, juu ya lori la pamba, na kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Mama, Anastasie, alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimenyolewa. Hakuruhusiwa kushika jembe mpaka matanga yaondolewe. Mvua zilikuwa zimeanza. Mpunga wa majirani ulichipua, shamba letu lilikuwa majani matupu.

"Wewe, Marcelline, ndiye utamwinua mama," akaniambia shangazi Cécilia, dada ya baba. "Leo mtani anakuja kumtukana marehemu. Mzaliwa wa kwanza humjibu, tena kwa matusi. Usipojibu, mama yako atabaki hapo chini."

Nilimtazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Mimi, ambaye darasani hata sista hunisogelea ili asikie ninachojibu, nitukane? Tena penye msiba wa baba, aliyenisuka nywele kwa mikono yake mama alipougua, akipulizia kichwa kisiniume?

Mtani alikuwa mzee Yakubu, Mwislamu wa mjini Kasongo. Ukoo wa mama yake na wetu hutaniana tangu zamani. Alifika mchana amevaa koti la baba, amelipindua ndani nje. Akachechemea kama baba, akasimama njiani akiita wapita njia:

"Karibu! Karibu kula! Chakula kiko! Ee Anastasie, chakula kiko? Hakiko? Haizuru, karibuni tu!"

Watu wakashika mbavu. Ni kweli, baba hakuweza kumwacha mtu apite bila kumketisha kwenye barza yetu, mbele ya nyumba. Lakini asubuhi watu hawa hawa walikuwa wakimlilia. Nililie nini, nicheke nini?

"Zéphirin huyu!" Yakubu akaendelea. "Alilima pamba ya kila mutu, yake ikamezwa na majani. Moniteri, mukaguzi wa pamba, akauliza, 'Shamba hili la nani?' Akajibu, 'La rafiki yangu.' Shamba lake mwenyewe alilitembelea kama mugeni!"

Kisha akanigeukia. "Na huyu mutoto wa masista? Wamemukata ulimi? Ao ni mujinga kama baba yake?"

Shangazi akanifinya. Nilimwangalia mama, alikuwa akichomoa nyuzi za mkeka, moja moja, bila kuinua macho. Nikafungua mdomo nikitafuta neno la heshima. Likatoka jingine.

"Mjinga kuliko wewe! Alipofungwa Kabambare kwa kutolima hiyo pamba yake, sisi tulikuwa tukilia. Akarudi na nani? Na polisi aliyemlinda gerezani! 'Mama Marcelline, rafiki yangu huyu, chinja kuku.' Kuku wangu! Niliyemlea mimi! Polisi akala paja, sisi tukagawana shingo!"

Kicheko kikalipuka. Yakubu akaanguka chini na koti lake. "Ameniua! Mutoto ameniua!"

Lakini mimi sikuwa nimemaliza, wala sikujua ninasema na nani. "Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia polisi naye ana binti, yuko mbali, hajamwona siku nyingi, ndiyo maana. Ndiyo maana ya nini? Binti yake si mimi? Kuku wa nani?"

Machozi yalinitoka. Watu walizidi kucheka. Wengine nao walikuwa wakilia, na sikuweza kutofautisha.

Yakubu na shangazi wakamshika mama mikono, wakamwinua. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akaniegemea.

"Kuku yule alikuwa mzee," akaninong'oneza. "Angekufa tu."

"Lakini alikuwa wangu, mama."

"Najua."

Akauliza jembe liko wapi, akaenda kulitafuta nyuma ya jiko. Nilibaki nimesimama katikati ya watu, hasira ya kweli bado ninayo, na wa kumwambia alikuwa yeye mwenyewe, baba.