Nafasi Moja ya Chuo

Mwaka wa hamsini na sita Mwalimu Danson Mwandawiro, wa shule ya misheni kule Kasigau, aliletewa barua kutoka Voi. Chuo cha ualimu kilikuwa na nafasi moja kwa msichana wa shule yake. Amchague mmoja, amwandikie barua ya kumpendekeza, nayo ifike kabla ya Ijumaa.

Wasichana waliomaliza darasa la nane walikuwa wawili tu. Mmoja ni Wakio, mtoto wa mjane mmoja wa pale kijijini. Wa pili ni Tryphena, binti yake mwenyewe.

Siku tatu alitembea na ile barua mfukoni. Siku ya nne, walipotoka ibadani, alimwita Tryphena. Mkono wa kulia wa Danson ulikuwa umefungwa bendeji tangu aanguke na baiskeli, na kila alichotaka kuandika, binti alimwandikia. Tryphena alikuja na kalamu na wino, akajifuta mikono kwenye leso, akaketi.

"Ni ile ya chuo, baba?"

"Ndiyo."

Akainamia karatasi ili asionekane akitabasamu. Aliandika tarehe, anwani, salamu. Kisha akainua kalamu, akangoja.

"Andika Wakio," Danson alisema.

Tryphena alichovya kalamu winoni.

"Wakio," alirudia taratibu. Akaandika.

Danson alijua kwamba "ana tabia njema" na "ana bidii" ni maneno ya kuandikiwa mtu yeyote. Kwa hiyo alisema aliyoyaona. Kwamba homa ilipomlaza yeye mwalimu wiki mbili, Wakio alishika darasa la kwanza bila kuombwa, akawafundisha watoto kujumlisha kwa mbaazi. Kwamba ndovu walipomaliza mahindi ya mama yake, alikuja shule na njaa na hakukosa siku. Kwamba mtoto asipoelewa, hakumcheka. Alimweleza tena kwa njia nyingine.

Mahali pamoja Tryphena alisita. "Hapa sema watoto walikuwa arobaini, baba. Watataka kujua."

"Andika arobaini," Danson alisema.

Alipomaliza, Tryphena aliupuliza wino ukauke. "Ni barua nzuri," alisema. "Mimi ungeniandikia nini?"

Danson akafungua mdomo. Yaliyomjia ni ana tabia njema, ana bidii. Alitafuta jambo moja tu, siku moja tu, asilipate. Miaka sita tangu mkewe afariki, msichana huyu alipika, akateka maji, akaenda shule, akarudi kusahihisha madaftari pamoja naye, na yeye hakuwahi kumtazama alivyomtazama mtoto wa mwenzake.

"Wakio amekupita kwa alama," alisema mwishowe.

"Hilo najua. Sikuuliza hilo."

Akainuka, akaenda kuangalia maharagwe jikoni.

Wakio alichukuliwa. Mkuu wa chuo alijibu kushukuru, akasema ni nadra kupata barua inayomweleza mtu vile, tena kwa mwandiko safi vile. Danson aliisoma peke yake, akaikunja.

Mwaka uliofuata nafasi ilitoka tena. Mkono ulikuwa umepona. Majuma mawili alikuwa akimwangalia binti yake na kuandika, hadi zikatimia kurasa mbili, na hapakuwa na sentensi ambayo ingemfaa mtu mwingine. Akampelekea jikoni. Tryphena alizisoma amesimama, akarudi mwanzo akazisoma tena, akakaa kwenye kigoda.

"Wale watu wa kule Mata wanakuja Jumamosi kuniposa," alisema. "Ulisema nikikubali utawapokea. Nimekubali."

"Nitawaambia wangoje, mwanangu."

"Usiwaambie, baba. Mimi ni mtu wa kutimiza neno langu." Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Mwaka jana ningekwenda hata kwa miguu."

Danson alinyoosha mkono kuzichukua zile kurasa. Tryphena alikuwa ameshazikunja mara nne, amezishika kifuani, na hakuzitoa.