Mama Saadi Wawili

Siku ya kumuaga Bi Zabibu, aliyekuwa anastaafu, sisi kina mama wa kliniki ya kifafa tulikubaliana tumvike khanga mbele ya wageni, na wenzangu wakanichagua mimi. Nilifika hospitali mapema na mwanangu Saadi, maana dawa zake zilikuwa zimekwisha na nilitaka nizichukue kabla shughuli haijaanza.

Bi Zabibu alikuwa dirishani kama siku zote, ila leo kavaa gauni la kung'aa na mkufu. Amekuwa kwenye famasi ile tangu mimi nabebwa mgongoni. Mama yeyote, awe wa delta au wa huku barabarani, anamjua kwa tabia yake moja: anaishikilia dawa, hakuachii mpaka umrudishie maneno yake. "Haya, sema. Asubuhi unampa nini? Usiku je?" Ukikosea unaanza upya, na foleni nzima inakucheka.

Asubuhi ile hakumwambia mtu arudishe chochote. Walikuwa wanamwita huku na huku, mara picha, mara wageni wameshapita Bungu.

"Bi harusi, unasubiriwa!" nesi mmoja akamtania.

"Bi harusi ana wateja," akajibu, mikono ikihesabu vidonge. "Mama Saadi!"

Huku kwetu dirishani mtoto haitwi jina lake, anaitwa mama yake. Nikainuka. Dada niliyekaa naye kwenye benchi naye akainuka, tukaangaliana tukacheka.

"Kumbe na wewe wako Saadi? Wangu karithi jina la babu yake."

Huyo alikuwa Mwanahalima, katoka Mbwera, kule delta, na kichanga chenye nimonia. Nilikuwa nimekitazama kifua cha yule mtoto kikibonyea kila anapovuta pumzi, nikageuza uso. Bi Zabibu akasukuma vifuko viwili kwa pamoja, kimoja kwangu, kimoja kwake. Tukapokea. Mwanahalima akamfunga mwanawe vizuri, akakimbilia bodaboda ya kwenda gati la Nyamisati, maana boti za delta huondoka maji yakijaa, na maji hayamngoji mtu.

Mimi nikaenda kukaa chini ya turubai. Maspika yalikuwa yanapiga taarabu, Saadi anatikisa miguu. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, basi nina ugonjwa wa kusoma kila kilicho mbele yangu. Nikasoma bango la mapambo, nikasoma kiti kimeandikwa nini, halafu nikatoa kifuko cha dawa nikakisoma nacho. Mama Saadi. Yeyusha kwenye kijiko cha maji.

Dawa ya mwanangu haiyeyushwi. Anaimeza.

Nikatazama vidonge. Vikubwa, vina mstari katikati. Vya Saadi ni vidogo kama punje za mtama. Ikiwa hivi ni vya yule mdogo, basi vya mwanangu viko wapi?

Pale mbele mshereheshaji alikuwa amemshika Bi Zabibu mkono. "Mabibi na mabwana, mikono miwili haijawahi kukosea dawa katika hospitali hii, na mikono yenyewe ndiyo hii!" Watu wakapiga makofi. Mganga mkuu akasimama na cheti.

Mungu anisamehe, nilikaa. Nilimwangalia alivyokuwa anacheka, nikawaza: nikimfuata sasa nitamvua nguo mbele ya wilaya nzima. Labda Mwanahalima atagundua mwenyewe. Atagundua vipi? Alichoambiwa na daktari ni ayeyushe ampe. Nikakiona tena kile kifua kinabonyea. Nikamwacha Saadi kwa mama wa kando yangu, nikaenda mbele na ile khanga mkononi.

"Bado, dada, zamu yako bado," mshereheshaji akasema, watu wakacheka.

Nikamnong'oneza Bi Zabibu, nikamfungulia kiganja. Alivitazama vidonge mara moja tu. Uso wake ulinyauka palepale.

"Yako anayo nani?"

"Yule wa Mbwera. Mwenye kichanga."

"Ya Rabi. Dawa ile inalaza, Zuhra. Mtoto anayepigania pumzi ukimlaza..." Hakumaliza. Akamnyang'anya mshereheshaji maiki.

"Zimeni muziki. Nimekosea dawa leo asubuhi. Mimi, si mtu mwingine. Kuna mama anaitwa Mwanahalima, yuko njiani Nyamisati kupanda boti ya Mbwera. Mtoto wake asipewe ile dawa. Mwenye namba ya mtu yeyote kule apige sasa hivi."

Mganga mkuu akamvuta mkono, "Bi Zabibu, tungeongea ndani," naye akamjibu bila kuzima maiki, "Ndani hakuna boti." Ndipo simu zikatoka, watu wakasimama, kila mmoja anampigia shemeji yake, fundi wake, mvuvi wake. Kule kwenye gati mtandao ni wa kubahatisha. Nahodha hapatikani. Mwenye mgahawa hapatikani. Hatimaye kijana mmoja akampata Mudy, bodaboda wa kijiwe cha Bungu, naye akasema anaondoka sasa hivi, akakata.

Gari la wagonjwa likawashwa. Mimi nikapanda kwa sababu sura ya Mwanahalima nilikuwa naijua. Bi Zabibu akakaa mbele yangu na gauni lake, kashika mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, midomo inasoma dua. Tulipokata kona Bungu kuingia barabara ya vumbi, simu ya Bi Zabibu ikaita, akaiweka spika.

"Bibi, Mudy hapa. Nimemshika! Boti ilishawasha mashine, nimeingia majini na viatu."

"Hajampa?"

Upepo ulivuma kwenye simu. "Anasema keshampa kimoja, walipokuwa wanasubiri maji."

"Mtoto yuko macho?"

"Amelala."

"Mwamsheni!"

Tukamsikia Mudy akibishana na sauti ya kike, halafu akarudi. "Bibi, mwenyewe hataki. Anasema tangu juzi mtoto hajapata usingizi, leo ndiyo kalala raha, tusimsumbue."

Nilifunika mdomo. Ni maneno ambayo hata mimi ningeyasema.

"Mpe simu. Mwanahalima, mwanangu, ni mimi wa dirishani. Usingizi huo si wake, nimempa mimi kwa makosa. Mfinye unyayo. Mfinye alie. Asipolia mfinye tena. Panda pikipiki mje, usiache kumfinya."

Tulikutana nao katikati ya njia, wametapakaa vumbi. Mwanahalima alikuwa anafinya huku analia yeye, mtoto halii. Shingo imelegea, midomo imeanza rangi ya majivu. Bi Zabibu akampokea, akamlaza mapajani juu ya lile gauni, akamvika kibarakoa, akawa anabonyeza mfuko taratibu, anamwita: "Saadi. Saadi, baba. Vuta." Mimi nilikuwa nashika miguu, nafinya vinyayo vidogo kuliko kidole changu, na kila gari liliporuka shimo nilidhani ndiyo imekwisha. Mwanahalima hakumtazama mtu. Alikuwa anasema tu, "Nilimyeyushia vizuri. Nilimyeyushia vizuri."

Hospitali wakamwekea oksijeni na sindano ya ile nimonia iliyokosa dawa yake. Mchana ukapita, wageni wakaondoka; Saadi wangu akabaki na yule mama, keshapewa dawa zake. Mganga mkuu akaingia wodini na cheti chini ya kwapa, hajui akiweke wapi. Akasema kutakuwa na kikao, Bi Zabibu ataandika maelezo.

"Nitaandika," Bi Zabibu akasema, macho kwa mtoto. "Hicho kaa nacho."

Ilikuwa alasiri pale mguu wa mtoto niliokuwa nimeushika uliponivuta. Nikainama kuutazama. Ukavuta tena, halafu mtoto akakunja uso wote na kulia, kilio chembamba, kibovu, kilichokwama katikati kikaanza upya. Mwanahalima akamrukia. Bi Zabibu alikaa chini sakafuni, akaufunika uso.

Kisha Mwanahalima akauliza, "Yale maspika bado yapo?"

"Yapo," nikamjibu. "Hawajayatoa, na kina mama bado wako pale."

"Nataka kusema."

Bi Zabibu akainua kichwa. "Utasema nini, mwanangu?"

"Kwamba ulimpa mwanangu dawa ya kumuua. Na kwamba ulinifuata."

"Sema yote mawili. Usipunguze."

"Sipunguzi," akasema, akifungua kifua cha gauni. "Ngoja anyonye kwanza."