Gauni la Bonge

Mtaa mzima ulimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi cherehani, kazi ya kukaa kutwa nzima kwenye kiti, katika chumba cha kazi alichoshirikiana na dada yake, fundi mwenzake. Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni maneno ya daktari, kwamba sukari imeanza kupanda na mafuta ya tumboni yanaisaidia. Mama yao aliambiwa hayo hayo, akayapuuza, wakamzika ana mguu mmoja. Bonge aliapa kuwa yeye atazikwa na yote miwili.

Alianza kwa pupa. Siku ya kwanza alikimbia kama anayefukuzwa na mbwa, na wiki iliyofuata akawa anashuka ngazi kinyumenyume, kashikilia ukuta. Dada yake alicheka mpaka akaunguza suruali ya watu kwa pasi. Daktari naye hakumpa pole.

"Kishindo cha siku moja hakikusaidii kitu," alimwambia. "Tembea kila siku, kwa kasi ya kukufanya uheme. Punguza chakula kidogo. Na usiruke siku."

Basi hakuruka. Kila jioni wakishafunga kazi alivaa raba zake akaingia barabarani, na mvua ikinyesha alizunguka uani na mwamvuli huku majirani wakimchungulia. Mwezi wa kwanza mzani wa duka la dawa uligoma kushuka hata kidogo. Akalia mbele ya muuza dawa, akajifuta, akarudi nyumbani kwa miguu. Ilichukua muda mrefu, lakini tumbo lilianza kulegeza msimamo. Sketi zikawa zinazunguka kiunoni, ngazi akazipanda bila kupumzika katikati, na daktari akamwambia sukari inateremka. Alifurahi, na furaha yenyewe hakuificha.

Aliyenuna ni mama mkwe. Alikuwa na binti wa kuoza na wageni wa kupokea, na kwake yeye mkamwana aliyepungua ni aibu ya nyumba.

"Watasema mwanangu hakulishi," alimwambia. "Au watasema unaumwa. Hebu acha hayo matembezi mpaka harusi ipite, unawiri kidogo."

Mume wa Bonge, kila suala hilo likizuka, alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje.

Gauni la Bonge la kuvaa harusini, mama mkwe aliliagiza kwa dada mtu. Na dada, kwa kuwa vipimo vya mdogo wake alikuwa navyo kichwani miaka yote, hakujisumbua kumpima. Akakata, akashona. Siku ya kujaribu, gauni likamning'inia Bonge kama pazia. Dada akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama mkwe, aliyekuwa amevuta kiti mlangoni ili aone vizuri, akatabasamu.

"Afadhali. Fundi, usiliguse. Na wewe mwanangu, harusi bado. Kaa, kula, ulijaze."

Bonge alijibana pini huku na huku mbele ya kioo, akalivua, akakaa kwenye cherehani yake, akalipunguza pande zote mbili. Kisha akashika mkasi mkubwa. Ndani ya mshono kilikuwa kimebaki kitambaa kingi, kile ambacho fundi humwachia mteja ili akinenepa nguo ifumuliwe na kuongezwa.

"Hiyo akiba iache, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Ukikata, halifumuliki tena."

"Najua."

Akakata. Vipande vikaanguka sakafuni, na mama mkwe akavifuata kwa macho.

"Likikubana siku ya harusi utavaa nini?"

"Nitakuja na hizi nguo za kazini, Mama. Mwanao ananilisha vizuri, na atakayesema vingine nitamjibu mwenyewe. Lakini mama yangu nilimuosha mimi, siku ya kumzika. Nikaosha mguu mmoja. Mimi sikai ili wageni wapendezwe."

Bonge akavaa raba, akazikaza kamba kwa hasira. Alisimama mbele ya kile kiti cha mlangoni.

"Naomba unipishe, Mama. Saa yangu ya kutembea imefika."

Mama mkwe akainuka, akasogeza kiti.