Dirisha la Jikoni

Fundi cherehani alipanda milimani kumchukua binti yake, aliyemwacha kwa bibi yake tangu alipofiwa na mumewe. Mama mkwe hakusema ndiyo wala hapana. "Mvua ikikatika mtashuka," alisema. Mvua ya huko haikatiki. Ikichoka kunyesha inageuka ukungu, na ukungu unaingia mpaka kitandani.

Mtoto alikuwa na kikohozi. Moto wa jikoni haukuzimwa kamwe, dirisha lilibanwa kwa kabari, na moshi ulijaa hadi kwenye uchaga wa juu, kulikopangwa kuni na kuning'inizwa mahindi.

"Mama, tufungue kidogo, mtoto anaumia."

"Baba yake kakulia kwenye moshi huu huu. Ulimkuta hana mapafu?"

Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alicheka mpaka chai ikampalia.

Asubuhi wenyeji walipokwenda shambani, fundi alichomoa kabari, akafungua dirisha, akaumwagia moto maji. Mtoto akaacha kukohoa. Wakajilaza chumbani, usingizi ukawachukua wote wawili. Upepo ukageuka, mvua ikapiga ndani, moja kwa moja juu ya uchaga.

Mama mkwe alirudi na shemeji, akasimama mlangoni na jembe begani. Alitungua hindi moja, akalibana. Maji yakachuruzika.

"Haya si ya kula," alisema. "Ni mbegu."

"Tuwashe moto tuyakaushe, mama."

"Kwa kuni zipi, shemeji?" Shemeji mtu alitikisa uchaga, matone yakamdondokea usoni. "Mlima mzima hauna kijiti kikavu. Moto unakausha kuni, kuni zinalisha moto, mbegu inaishi hapo juu. Wewe umeua vyote kwa kopo la maji."

"Mngeniambia!"

"Mtu mzima anaambiwa asizime moto wa watu?" mama mkwe aliuliza.

Akaanua nguo za mtoto kambani, mbichi vile vile, akazifunga kwenye khanga na kuzitupa miguuni pa fundi.

"Mchukue. Nilimtaka abaki ale mahindi yangu. Msimu ujao sina mahindi."

Hivyo ndivyo fundi alivyopata alichokifuata. Alimbeba mtoto mgongoni, akatoka mvuani.

"Kwaheri, bibi," mtoto alisema.

 Nyuma yao kabari ilikuwa ikigongwa mahali pake, na jikoni shemeji alipuliza majivu yaliyolowa, akikohoa.