Mkono Uliofunzwa Kuinama

Ieleweke tangu mwanzo kwamba wazo lenyewe halikuwa baya. Mkono wa roboti uliosimikwa katikati ya maabara ulikuwa na viungo sita, nguvu za wabeba mizigo wawili, na adabu sifuri. Profesa akiingia, haushtuki. Kiranja, aliyelelewa bwenini ambako mwalimu akipita hata vikombe husimama wima, aliona hilo ni pengo kubwa katika malezi.

Hakuwahi kuwa kiranja wa chochote. Jina alibandikwa shuleni kwa kejeli, akavuka nalo mipaka hadi huku ugenini, alikoletwa na chuo chake kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu. Zilibaki wiki mbili.

Basi siku hiyo, wenzake wakiwa wamekwenda kula mchana, akauandikia mkono programu ya kuinama. Profesa angeiona kesho asubuhi. Mkono ukainama polepole, kama babu mwenye kiuno kibovu, kwa sababu umewekewa kikomo cha mwendo ili usimdhuru anayeufundisha kazi kwa karibu. Heshima gani hiyo ya kujikongoja? Kiranja akaingia kwenye kompyuta kwa nywila ya Dada, akaondoa kikomo. Mkono ukainama fyu! Akaridhika. Akafunga programu yake, akaacha kikomo kimeondolewa, maana kesho si mbali, akaenda kula kwa hamu ya mtu aliyelitumikia taifa.

Dada hakuwa wa tumbo moja naye. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwaka wa nne, mtu pekee pale aliyezungumza lugha ya nyumbani. Nywila alimpa wiki ya kwanza.

"Shika, mdogo wangu. Usiwe unanifuata kila dakika kama kifaranga."

Kumpa mwanagenzi nywila kulikatazwa kabisa. Lakini ndugu ni ndugu.

Kiranja aliporudi, alikuta watu wamezunguka. Dada alikuwa ameketi sakafuni, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba, midomo imekauka. Alikuwa akiufundisha mkono wa roboti kuokota kikombe. Badala ya kutambaa, ulichomoka ukamgonga.

Kompyuta haina huruma wala umbea, husema ilichoandikiwa tu. Ilisema kikomo kiliondolewa saa saba na nusu, na Dada.

Kiranja alimsubiri Dada nje ya zahanati. Dada alitoka na plasta hadi kwenye kiwiko.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... naufundisha kuinama."

Kiranja aliomba atukanwe. Hakutukanwa.

"Sasa nisikilize. Kwa uzembe watanisimamisha miezi sita. Kwa kugawa nywila watanifukuza. Kwa hiyo ufunge huo mdomo, tafadhali. Mara hii moja tu katika maisha yako."

Kiranja alijaribu. Chakula kilimshinda, usingizi ukamkimbia. Bwenini kunyamaza kulikuwa rahisi: hakuna aliyesema, wote arobaini wakafyeka nyasi, na adhabu ikigawanywa kwa arobaini ni mchezo. Hapa mtu mmoja alikuwa akifyeka peke yake, tena kwa mkono mmoja.

Asubuhi Profesa alimwita Dada ofisini. Kiranja akaingia bila kubisha.

"Ni mimi niliyeondoa kikomo. Nywila niliichungulia akiwa anaandika. Hajui lolote."

Ulikuwa uongo safi, uliopigwa pasi usiku kucha. Profesa alivua miwani.

"Uliiba nywila?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi si suala la utundu. Ni wizi, na mtu ameumia. Nitakiandikia chuo chako leo. Sidhani kama watakurudisha darasani."

Hilo Kiranja hakuwa amelipigia hesabu. Alitikisa kichwa kukubali. Kicheko, ambacho hakikuwahi kumsaliti mbele ya mwalimu yeyote, kilikataa kuja.

"Mwongo," Dada alisema kwa lugha ya nyumbani, taratibu. Kisha akamgeukia Profesa. "Hakuiba. Nilimpa."

"Dada, acha!"

"Acha wewe. Nikikaa hapa kwa kukuita mwizi, nitakuwa nafundisha mashine nini?"

Profesa alisukuma karatasi mbili mezani: kila mmoja aandike maelezo yake, atie sahihi, kamati itaamua. Akatoka, akaacha mlango wazi.

Kiranja aliandika ya kwake kwa mistari minne. Dada alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, ikaacha mikwaruzo kama ya kuku aliyeparua mchanga. Akajaribu tena. Akasukuma karatasi upande wa pili.

"Andika wewe."

"Siwezi, dada."

"Utaweza. Andika: Nilimpa nywila mimi mwenyewe, kwa hiari yangu."

Kiranja akainamisha kichwa, akaandika.

"Hiari," Dada alisema, akichungulia. "Iandike vizuri, isomeke."