Televisheni Kichwa Chini

Mjomba angefika na gari saa nane kumchukua Bibi akaishi kwake, maana watoto wa Bibi walishakata shauri kwamba mama yao ameanza kuchanganyikiwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisikia vilio darini. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na kila aliyeitwa kusikiliza aliambulia patupu.

"Nyumba hii nimeijenga kwa cherehani, sihami ng'o," alisema Bibi. "Na darini kuna viumbe."

Mjukuu wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa hakuachana na koleo na nyaya, hakusikia kitu naye. Lakini alimpenda Bibi, na alikuwa na roboti aliyoiunda mwenyewe kukagulia mabomba, kijigari cha magurudumu manne chenye kamera ndogo kama kifungo cha shati. Akapanda ngazi, akaisukuma darini, kisha akashuka na waya mrefu hadi kwenye televisheni ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, pale sebuleni.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Alichomeka waya wa njano, televisheni ikanguruma kama tumbo lenye njaa, kioo kikabaki cheusi. Akachomoa, akachomeka tena. Wapi!

"Mke mwenzangu," Bibi akamwita kutoka kitini, "mimi nimeshona miaka arobaini. Uzi wa njano hauendi kwenye kitambaa chekundu."

Fundi akachungulia nyuma. Kumbe waya wa picha alikuwa ameukandamiza kwenye tundu jekundu la sauti! Akauhamisha, waya mwekundu wa sauti ya kamera ukabaki ukining'inia, na kioo kikawaka: mbao, vumbi, utando wa buibui, vyote vinaonekana vizuri, ila juu chini.

"Mbona kijigari chako kinatembea miguu juu?" Bibi akauliza.

"Kamera nimeifunga kichwa chini, Bibi. Hapakuwa na nafasi nyingine."

Kuishusha roboti na kuifunga upya kamera kungekula nusu saa, na saa nane ilibakiza dakika kumi. Wakatazamana. Sijui ni nani aliyeanza kucheka, ila Bibi, mwenye magoti ya kulalamika kila akiinuka, ndiye aliyetangulia kushika televisheni.

"Taratibu, itakuvunja mguu!"

"Niache, shika upande wako!"

Wakaiegemeza kwa mto huku, mto kule, mpaka televisheni ikasimama mezani kichwa chini miguu juu. Bibi akajitupa kitini, akicheka hadi machozi.

Mjomba akaingia bila hata hodi, mkoba mkubwa mkononi. Akaitazama televisheni. Akamtazama mama yake. Uso ukamshuka.

"Mama," akasema kwa ule upole wa kumsemesha mgonjwa, "televisheni imekuwaje?"

"Imepinduliwa. Kaa, usitukinge."

"Shikamoo, Mjomba," Fundi akasema, vidole vikicheza kwenye rimoti ya roboti. Darini kukiwa hakuna kitu, basi ushahidi wa wazimu wa Bibi atakuwa ameuandaa yeye.

"Marahaba," Mjomba akajibu kwa mazoea tu.

Roboti ikapita boriti ya kwanza, ikapita ya pili, ikakata kona. Macho mawili yakang'aa. Paka! Na ubavuni mwake, juu ya mabaki ya vitambaa vya Bibi, vitoto vinne vimeachama midomo.

Fundi akapiga yowe, akamrukia Bibi shingoni, wakayumba pamoja.

"Wanapiga miayo tu hao," Mjomba akasema, akijikaza. "Hakuna sauti yoyote."

Waya mwekundu! Fundi akauchomeka kwenye tundu lake, na sebule ikajaa vilio vyembamba. Mjomba akaketi bila kuambiwa tena.

"Sasa izime," Bibi akaamuru. Ikazimwa. Kimya. Bibi akainua kidole. "Bado wanalia. Mmoja ana mafua."

Mjomba akatega sikio, akainamisha kichwa, akakunja uso.

"Mimi sisikii, Mama."

"Najua, mwanangu. Tangu utotoni ulikuwa husikii."

Kicheko kikampasuka Mjomba mpaka akashika meza. "Nisamehe, Mama," akasema akijifuta macho, na safari hii hakusema kwa ule upole wa wagonjwa.

Saa tisa, mkoba ulioletwa kubebea nguo za Bibi ulikuwa kando ya cherehani, zipu wazi, paka na wanawe wamelala ndani. Mjomba akaondoka mikono mitupu, na Bibi akamsindikiza hadi mlangoni pa nyumba aliyoijenga kwa cherehani.