Mkia wa Shaba

Kitendawili! Mmesema tega? Haya: anaoga kutwa wala halowani. Mkishindwa nipeni mji. Ni umeme huyo, na kwenye bwawa la kuogelea la gesti ya Mama Rahel, pale Majengo, ndimo alimokuwa anaoga.

Siku hiyo watoto wa mtaa ule walialikwa kuja kulifungua bwawa. Odeta, mpishi wa gesti, alikuja na bintiye Athanasie. Ni yeye pia aliyemleta fundi umeme, Gervais, mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni tangu hana jino. Wakati wa ujenzi Gervais alimweleza vizuri:

"Dada, ngazi, nondo za chini, pampu, vyuma vyote vinafungwa pamoja kwa waya wa shaba. Hapo stimu ikivuja vyote vinakuwa sawa, hakuna cha kumrushia mwenzake, na anayeoga hapati shoti."

Odeta akayapeleka maneno hayo jikoni, kifua mbele.

Sasa, siku ya kufungua, aliingiza mguu majini ili afute ngazi. Alipoishika tu, mkono ukamwaka kama ameshika siafu. Akaruka nyuma, akaenda kuzima swichi kuu, ndipo akarudi. Waya wa shaba ulikuwepo, umekazwa kwenye ngazi, umezama sakafuni. Akauvuta. Ukatoka wote mkononi, mfupi kama mkia wa mbuzi.

"Nyie! Hakuna kuingia! Rudini nyuma!"

Watoto walikuwa wameshavua viatu. Gervais akaja mbio, na shati lake la sherehe.

"Dada, mbona unatutia aibu? Nilifunga."

"Ulifunga nini? Huu ni mkia. Mbuzi yuko wapi?"

Gervais akashusha sauti. "Shaba ilipungua, na zege lilishaanza kumwagwa. Nitakuja kurekebisha. Nyamaza kwanza, dada. Wewe ndiye uliyenileta, tutaaibika wote."

Na kweli Odeta alitaka kunyamaza. Damu ni nzito. Akawatupia macho wale watoto.

"Wa kwako mbona siwaoni?"

"Wana mafua."

"Wote?"

"Wote. Si unaona hali ya hewa."

"Asubuhi walikuwa kwangu wanang'ang'aniana muwa."

Gervais akaangalia viatu vyake. Odeta akaona heri ile shoti ya ngazi.

"Wako umewaficha. Wangu umemwona anavua viatu, umenyamaza."

Odeta akamgeukia mwenye gesti.

"Mama Rahel!" aliita. "Bwawa lisifunguliwe. Fundi ni mdogo wangu, nimemleta mimi, na ametudanganya. Sakafu ivunjwe, atafutwe fundi mwingine."

"Dada! Unaniuza mbele za watu?"

Odeta alikuwa amechuchumaa, anamfunga Athanasie kamba za viatu. Hakuinua uso.

"Nenda nyumbani, Gervais," alisema. "Una wagonjwa."